Bado anakula, bado anatikisa mkia. Nitajuaje kwamba wakati wa kumuaga umefika?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Naandika kutoka Utawala, Nairobi. Mbwa wetu Bosi ni chotara wa German Shepherd, ana miaka 9 na uzito wa kilo 38. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia, tukadhani ameteguka. Baadaye uvimbe ukatokea juu ya kifundo. Alipigwa eksirei, akachomwa sindano kwenye uvimbe, sampuli ikapelekwa maabara, na jibu likawa saratani ya mfupa. Tuliambiwa tuchague: akatwe mguu na kupewa dawa za saratani, au apewe dawa za maumivu kisha adungwe sindano ya mwisho. Miguu yake ya nyuma nayo ina shida, tangu mwaka jana akilala huinuka kwa taabu. Mume wangu anataka tukope kwenye Sacco tumtibu. Mama mkwe anasema huyo ni mbwa tu, awekewe kitu kwenye nyama yaishe. Soja wetu anasema usiku halali, anazungukazunguka, lakini mimi asubuhi namkuta sawa. Bado anakula. Bado anatikisa mkia nikifungua geti. Nitamdungaje mbwa anayenifurahia? Nitajuaje wakati umefika? Watoto wa miaka 6 na 11 niwaambie nini? Ploti ni yetu, tunaweza kumzika hapo? Juzi yule mdogo alimkumbatia, Bosi akamkwaruza mkono kwa meno, jambo ambalo hajawahi kufanya.

JIBU: Dada yangu, pole sana. Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana hiyo haingoji.

Kama jino lilipasua ngozi, hata kwa mkwaruzo mdogo, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ingawa siku zimepita, kisha mpeleke mtoto hospitali leo hii. Huko wataamua juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Usijiambie kwamba huyu ni Bosi wetu, tunamjua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo husaidia kabla ya dalili tu. Beba kadi ya chanjo za Bosi. Bosi mwenyewe afungiwe uani na atazamwe siku 10 kuanzia siku ile, hata kama chanjo yake haijapitwa na muda. Akizimaliza akiwa hai na bila mabadiliko mapya ya tabia, basi mate yake hayakuwa na virusi alipomkwaruza mtoto.

Kwa hiyo siku ya kumuaga isitangulie hizo siku 10. Ikilazimu, tuseme mguu umevunjika na hali haivumiliki, adungwe, lakini daktari wake aambiwe wazi habari ya jino ili sampuli ya ubongo ipelekwe maabara kuu ya mifugo pale Kabete. Asizikwe kabla ya hilo kufanyika.

Sasa niseme ninavyoona mimi. Sidhani Bosi ana kichaa. Nadhani mtoto alipomkumbatia alimbana bega au ule mguu, na mbwa ambaye kwa miaka 9 hajamgusa mtu akajitetea kwa kitu pekee alicho nacho. Umeniuliza utajuaje wakati umefika. Jino lile ni sehemu ya jibu, na soja wenu amekupa sehemu nyingine, ila umeipita haraka.

Watu wanaofuga huambiana kwamba mbwa mwenyewe atakuambia akiwa tayari. Mimi sikubaliani kabisa na maneno hayo, nayo yamewafanya wanyama wengi kuteseka. Mbwa hupiga kelele maumivu yakimjia ghafla, kama anapokanyagwa. Maumivu ya majuma na miezi huyabeba kimya. Anapunguza hatua, anaegemeza uzito upande mmoja, anaramba sehemu ileile mpaka manyoya yanabadilika rangi, anahema usiku wakati hakuna joto, analala, anaamka, anageuka, anahamia kwenye saruji, anarudi kwenye gunia. Huko ndiko kuzungukazunguka anakokuona soja. Mchana kuna watu, kuna geti, kuna harufu ya chakula, na Bosi anapata kitu cha kumshughulisha. Usiku anabaki yeye na mguu wake. Wewe unamkuta asubuhi amechoka ametulia, unasema yuko sawa.

Kula nako si kipimo. Nimeona mbwa wenye mfupa uliokwisha kuliwa na saratani wakimaliza bakuli. Saratani hii haigusi tumbo, inagusa mfupa, na mbwa aliyelelewa kupigania chakula chake atakula mpaka karibu na mwisho. Na mkia ni furaha ya kweli, sikukatalii. Anapokuona anafurahi, na kwa dakika chache maumivu yanarudi nyuma. Ila furaha ya dakika 5 getini haifuti saa 7 za usiku.

Basi upime nini? Daktari mmoja wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia mpaka leo. Unampa mbwa alama 0 hadi 10, ambapo 10 ndiyo hali nzuri kabisa, kwa mambo saba: maumivu, kula, kunywa maji, usafi wa mwili, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, maisha yake bado yanabebeka. Kitumie, lakini nakuonya kwa mbwa wa saratani ya mfupa: alama za kula na za furaha zitaficha alama za maumivu. Bosi anaweza kupata 9 kwa bakuli na 8 kwa mkia, jumla ikapendeza, huku maumivu yenyewe yako 2. Mimi alama ya maumivu naisoma peke yake, na ikibaki chini hata baada ya dawa kuongezwa, zile nyingine sizijumlishi.

Na anayejaza kipimo hicho asiwe wewe peke yako. Mpe soja kalamu na kalenda ya ukutani. Kila asubuhi kabla hajaondoka zamu aweke alama: usiku huu alilala au hakulala. Huyo mzee anamwona Bosi saa ambazo familia nzima imelala. Wewe chagua mambo matatu ambayo Bosi hajawahi kuyaacha tangu akiwa mdogo; unayajua wewe, labda ni kubwekea bodaboda, kuiba malapa, kuzunguka ukuta wa ploti kila jioni. Akiacha mawili, usingoje la tatu.

Tuje kwenye upasuaji, maana najua nyumbani kwenu hilo ndilo linaloleta ubishi.

Kukata mguu kunaondoa maumivu ya mguu huo. Hakuondoi saratani. Saratani ya mfupa ya mbwa wakubwa husafiri mapema sana, hasa kwenda kwenye mapafu. Kwa karibu mbwa 9 kati ya 10, chembe zake huwa zimeshatoka mguuni siku ugonjwa unapogunduliwa, hata kama picha ya kifua bado inaonekana safi. Ndiyo sababu mbwa wanaokatwa mguu bila dawa za saratani, nusu yao huwa wamekufa ndani ya miezi 4 au 5. Wakiongezewa dawa za saratani, nusu hufika kiasi cha miezi 10 hadi 12, na wachache hupita miaka miwili. Miezi hiyo inaweza kuwa mizuri sana. Mbwa wa miguu mitatu hukimbia, hubweka, hulinda, wala hajioni kilema. Nisingependa mtu asome jibu hili akamkatalia mbwa wake mwenye nyonga nzuri.

Lakini Bosi hana nyonga nzuri. Miguu ya mbele ya mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake. Ukiondoa mmoja, mzigo unaangukia ule uliobaki pamoja na miguu ya nyuma, na ya Bosi tayari inamsumbua kuinuka. Kwa kilo 38 hizo, naona mbwa atakayeamka kutoka kwenye upasuaji asiweze kusimama mwenyewe. Ningekuwa kwenye kikao chenu ningesema msikope. Kama mume wako hajaridhika, na ana haki ya kutoridhika, kabla hamjajaza fomu ya Sacco mwombeni daktari picha mbili: ya kifua na ya nyonga. Kama kifua kina vivimbe au nyonga zimeharibika, mjadala umeisha bila yeyote kati yenu kulaumiwa kwamba alibania pesa.

Pesa hizo afadhali ziende kwenye dawa za maumivu zinazotosha. Zinazotumika sana ni za jamii ya meloksikamu au kaprofeni, na mara nyingi huongezewa gabapentini, ambayo husaidia hasa usiku. Mweleze daktari wake habari za usiku kama soja alivyokueleza, maana nina hakika hajazisikia. Hiyo ya meloksikamu au kaprofeni anywe akiwa amekula. Akitapika au choo kikiwa cheusi kama lami, simamisha na upige simu. Usichanganye dawa mbili za jamii moja, wala usimwongezee za steroidi ulizobakiwa nazo. Na za dukani za watu, brufen na diklofenaki, usimpe hata nusu kidonge. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Kwa dawa peke yake, mbwa wa hali hii wengi huenda kati ya mwezi 1 na 3. Kinachokatisha muda huo mara nyingi si mapafu, ni mguu wenyewe. Mfupa ulioliwa na saratani hubaki kama hindi lililotobolewa na dumuzi: nje linaonekana hindi, ndani ni unga. Siku moja atashuka kwenye ngazi ya baraza, hatua aliyoishuka maelfu ya mara, na mfupa utakatika. Ukikatika haushiki tena. Hapo hutachagua siku wala daktari. Itakuwa saa 5 usiku, mvua labda inanyesha, mko kwenye Eastern Bypass na mbwa wa kilo 38 analia kiti cha nyuma kila gari likiruka tuta, mkimtafuta yeyote aliye wazi.

Kwa hiyo unaponiuliza utamdungaje mbwa anayekufurahia, nakujibu kwamba ndiyo, siku hiyo inapaswa kuwa siku ambayo bado anakufurahia. Ukiisubiri siku asiyokufurahia, utakuwa umesubiri siku ya mfupa kukatika, au zile wiki za mwisho ambazo hata harufu ya nyama haimwinui. Yeye hahesabu siku alizobakiwa nazo. Hajui kwamba angepata Jumapili nyingine. Anayejua ni wewe, na ndiyo maana jambo hili linakuuma wewe kuliko yeye. Kwa mbwa mwenye nyonga na usiku kama wa Bosi, mimi nafikiria kwa majuma. Siku 10 za kumtazama zikiisha, dawa zikiwa zimeongezwa, soma kalenda ya soja. Kama nusu ya alama ni za kutolala, panga siku.

Mama mkwe nimemsikia. Mjibu kwa heshima, lakini kitu kwenye nyama kisiwepo kabisa. Dawa nyingi za panya huua kwa kuvujisha damu ndani kwa ndani, na huchukua siku kadhaa. Za wadudu za shambani huua kwa mitetemeko na kukosa pumzi, mbwa akiwa na fahamu zake. Isitoshe, nyama hiyo au mzoga huo utaua mbwa wa jirani. Kuna sheria pia, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na usimwite muuza dawa wa agrovet kwa sababu ni rahisi. Anayemdunga mbwa sindano hii ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kumwomba namba yake ya usajili si utovu wa adabu.

Bei iulize mapema. Dawa hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mbwa mkubwa hugharimu zaidi, juu yake kuna nauli ya kuja nyumbani na gharama ya mwili. Mkibanwa, ulizeni kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, au KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen. Ila kutoka Utawala hizo ni safari za kuvuka jiji lote na ule mguu, ndiyo maana kwa Bosi napendelea daktari aje kwenu.

Nikueleze itakavyokuwa, kwa kuwa wengi hushtuka kwa mambo ambayo hawakuambiwa. Mtandikieni gunia au blanketi yake kivulini, chini yake wekeni karatasi ya plastiki. Kipande cha nyama choma hakina ubaya; sahani nzima inaweza kumtapisha dawa ya kutuliza ikiingia. Sindano ya kwanza ni hiyo ya kutuliza, chini ya ngozi au kwenye msuli. Ndiyo pekee atakayoihisi. Ndani ya robo saa kichwa kitakuwa kizito. Hapo daktari atanyoa manyoya kidogo kwenye mguu usio na ugonjwa, aweke kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, aifunge kwa plasta, apitishe maji ya chumvi kuhakikisha mshipa uko wazi. Kisha dawa yenyewe, pentobarbitali, ambayo ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno. Usingizi unamchukua katika sekunde chache, pumzi inakata, na moyo unasimama ndani ya dakika moja au mbili. Daktari atasikiliza kifua kwa muda kabla ya kukuambia.

Macho hayafumbi. Mkojo na choo huweza kutoka, ndiyo kazi ya ile plastiki. Na wakati mwingine, moyo ukiwa umeshasimama, kifua huvuta pumzi moja au mbili kubwa au msuli ukaruka. Hajarudi, wala hasikii chochote; ni mwili unaozima. Kama mtoto yupo, aambiwe hili kabla.

Wa miaka 11 muulize kama anataka kuwepo, na jibu lake lolote lipokee. Yule wa miaka 6 amuage asubuhi, kisha awe kwa jirani au shangazi. Usiwaambie Bosi amepelekwa shamba. Watamdai kila likizo, na siku watakapojua watakumbuka kwamba uliwadanganya. Waambie ana ugonjwa usiopona, unamuuma, na daktari atamsaidia kufa bila maumivu. Halafu huyo mdogo mkalishe peke yake umwambie jambo moja zaidi, ulirudie hata mara tatu: Bosi anakufa kwa ugonjwa, si kwa sababu alikuuma. Mtoto wa umri huo huunganisha mambo mwenyewe. Alikwaruzwa, watu wazima wakanong'ona, mbwa akadungwa. Asipoambiwa, atabeba hatia hiyo kimyakimya.

Kwenye ploti mnaweza kumzika, lakini si kwa mchezo. Pentobarbitali hubaki kwenye mwili kwa muda mrefu, na mnyama au ndege atakayeula anaweza kufa. Shimo liwe na kina cha zaidi ya mita 1 ya udongo juu ya mwili, mbali na kisima, naye afungwe kwa leso au blanketi ya pamba, si kwa plastiki. Utawala ni udongo mweusi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mbwa wa mtaani huzifuata kwa pua, na mvua za Machi hadi Mei zikianza shimo hujaa maji kabla hujamaliza kuchimba. Lichimbwe siku moja kabla, nyuma ya nyumba, watoto wakiwa shuleni, na juu yake muweke mawe mazito. Kama haiwezekani, muulize daktari kama ana mahali pa kumchoma, na kama mtarudishiwa majivu au la. Asikabidhiwe lori la taka. Lori hilo huishia Dandora, na huko kongoti na mbwa hawabagui wanachokula.

Mpigie daktari wa Bosi kesho asubuhi. Mwombe dawa ya kuongezea ya usiku, muulize siku zipi za juma huwa anatembelea wagonjwa nyumbani na kama anakuja na msaidizi, kwa sababu mbwa wa kilo 38 hashikwi na mtu mmoja. Na siku hiyo mkiipanga, ipangeni asubuhi, kabla soja hajatoka zamu. Naye ana mbwa wa kumuaga.